Saa Kumi na Mbili Usiku

Kazi yangu huisha ikifika sufuri. Nikimaliza kutafsiri faili, siwezi kuituma kwa wakala kabla ya kuipitisha kwenye programu ya kukagua ubora. Programu hiyo inasoma Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule, inalinganisha sentensi kwa sentensi, halafu inanitolea ripoti. Ripoti ikisema makosa 47, bado nina kazi. Ikisema makosa 0, naiambatanisha na faili, natuma, na naanza kuhesabu siku za kulipwa.

Nataka kueleza usiku mmoja niliofika sufuri kwa kuandika jambo nililojua si kweli. Nimelibeba tangu mwaka jana, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba si kisa cha watafsiri peke yao. Ni swali la yeyote ambaye kazi yake inakaguliwa na kitu kisichoielewa kazi yenyewe, na siku hizi tuko wengi.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea ualimu, Kiswahili na Historia. Karo ikashinda watu wa nyumbani, nikasema napumzika semesta moja. Semesta hiyo haijaisha mpaka leo. Nikaanza kuandikia watu makala mtandaoni, kisha nikaingia kwenye tafsiri. Kuna kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, ambacho kinatambua njia tatu za kuhesabika mtafsiri: uwe na shahada ya tafsiri, uwe na shahada ya fani nyingine pamoja na uzoefu wa miaka miwili, au, kama huna, uwe umeifanya kazi hii kwa muda wote miaka mitano. Mimi napitia mlango wa tatu. Anayepitia mlango huo huwa na hofu yake. Hana cheti cha kuonyesha, kwa hiyo ripoti safi ndiyo cheti chake. Kila sufuri ninayoipata naiona kama alama ambayo mhadhiri hakuwahi kunipa.

Programu zenyewe ni nyingi. Kuna Xbench, kuna Verifika, kuna vikaguzi vilivyojengwa ndani ya Trados na memoQ. Ile iliyohusika na kisa changu sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Zote zinafanya karibu kazi ile ile. Zinaangalia kama kuna sentensi uliyoiruka. Zinaangalia kama namba zilizo kwenye Kiingereza zipo kwenye Kiswahili, kama mabano uliyofungua umeyafunga, kama umeacha nafasi mbili mahali pa moja, kama neno ambalo mteja ameagiza liitwe hivi umeliita vile, na kama sentensi moja ya Kiingereza umeitafsiri kwa njia mbili tofauti.

Sitaki mtu adhani nawadharau vikaguzi hawa. Mwaka wangu wa pili nilitafsiri maelezo ya dawa ya maji ya watoto. Kiingereza kilisema mililita 0.5. Mimi nikaandika mililita 5. Nikasoma tena kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikuona. Nikasoma mara ya pili kwa sauti, bado nikasoma kile nilichodhani nimeandika. Programu ililiona kwa sekunde chache na kuliwekea rangi nyekundu. Nilikaa nikiangalia hiyo nukta iliyokosekana, mikono imenilegea. Mara kumi ya dozi, kwa mtoto. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia mashine haijui lugha namjibu kwamba ni kweli, lakini macho yangu nayo huwa yanadanganya, na mashine haina majivuno ya kuyatetea.

Shida ni kwamba programu hizi zilitengenezwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria Kiswahili. Kwa mfano, zinatafuta neno lililorudiwa mara mbili mfululizo, kwa sababu kwenye Kiingereza hilo mara nyingi ni kosa la kuchapa. Sisi tunarudia kwa makusudi. Ukimwambia mgonjwa ameze vidonge viwili, umemwambia idadi. Ukimwambia ameze viwili viwili, umemwambia kwamba kila akimeza, ameze viwili. Programu inaona "viwili viwili" na kupiga kelele. Haraka haraka haina baraka: nyekundu. Bandu bandu huisha gogo: nyekundu. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya kila kitu bila kubakiza, kwetu ni wote, zote, yote, vyote, kutegemea unaongea juu ya watu, faili, majina au vyombo. Programu inahesabu kwamba nimetafsiri neno moja kwa njia nne na kuniita mzembe.

Makosa ya namna hiyo tunayaita makosa ya uongo. Unabonyeza kitufe cha kupuuza, unaandika maelezo mafupi, unaendelea. Faili moja inaweza kuwa nayo mia moja. Kidole kinazoea. Na hapo pana hatari ya kwanza, kwamba siku moja kati ya hayo mia moja kutakuwa na moja la kweli, na kidole kitalipuuza pamoja na wenzake. Lakini hiyo si hatari iliyonipata mimi.

Mimi nilipatwa na saa.

Kila msomaji wa Kiswahili anajua kwamba saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza. Mwingereza akisema saa saba za asubuhi, sisi tunasema saa moja. Simu yangu inaandika 8:00 na mimi nasoma saa mbili, wala sihisi kwamba nimefanya hesabu. Ni jambo dogo kiasi kwamba hatulifundishi. Mtoto analiokota tu. Lakini kwa programu inayolinganisha namba ni fujo tupu. Kiingereza kina 8, Kiswahili kina 2: kosa. Kiingereza kina 12, Kiswahili kina sita iliyoandikwa kwa herufi: namba imepotea, kosa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, nililetewa karatasi ya maagizo kwa wagonjwa wanaoenda kufanyiwa upasuaji. Kurasa tatu. Uje na nani, uvae nini, uache mapambo nyumbani, dawa gani usimeze siku hiyo. Sikuambiwa hospitali ni ipi wala iko nchi gani, na hilo ni kawaida. Sisi huwa tunaona sentensi, hatuoni watu. Katikati ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na agizo kuu: usile chochote kuanzia saa 12:00 za usiku wa manane kabla ya siku ya upasuaji. Nikaandika kama mtu yeyote mwenye akili timamu angeandika: usile chochote kuanzia saa sita usiku.

Programu ikasema namba haipo. Nikapuuza, nikaandika maelezo kwamba Kiswahili kinahesabu saa hivi na hivi. Ripoti ikatoka na kosa moja lililopuuzwa. Nikatuma saa tatu usiku, muda wa mwisho ukiwa saa sita hiyo hiyo.

Baada ya nusu saa mratibu wa kazi akaniandikia. Mfumo wa mteja haupokei faili yenye tahadhari yoyote ya namba, hata iliyopuuzwa. Tafadhali rekebisha, utume tena usiku huu. Hakuwa na ukali. Nadhani naye alikuwa na faili ishirini mezani na lugha ishirini asizozijua. Nikamweleza tena habari ya saa. Akajibu kwamba ananielewa, lakini mfumo ni mfumo.

Nilikuwa nimekaa kitandani katika chumba changu cha Umoja, bando likikaribia kwisha, kodi ya nyumba ikiwa imepita tarehe kwa siku nne. Nasema hayo kwa sababu yalikuwapo, si kwa sababu yananitetea. Nikafungua faili. Nikafuta "saa sita usiku". Nikaandika "saa 12:00 usiku". Nikabonyeza kagua. Makosa 0. Nikatuma, nikalala, na sitasema uongo mwingine hapa kwamba sikupata usingizi. Nililala fofofo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naongea na nyanya yangu kwa simu. Yeye anaishi Likoni, na Kiswahili chake ndicho ninachokisikia kichwani ninapotafsiri. Alikuwa ananieleza jirani yake aliyelazwa, na katikati ya maneno, bila kupanga, nikamuuliza:

"Nyanya, ukiambiwa na daktari usile kuanzia saa kumi na mbili usiku, utaacha kula saa ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Saa kumi na mbili usiku? Mjukuu wangu, saa hiyo haipo. Kuna saa kumi na mbili jioni, na kuna saa kumi na mbili alfajiri. Huyo daktari wataka nimfahamu vipi?"

"Lakini ukilazimika kuchagua?"

"Basi ntakula daku yangu, nifunge alfajiri. Si ndivyo tufanyavyo Ramadhani?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Sababu ya kumkataza mgonjwa chakula kabla ya kumpa dawa ya usingizi ni kwamba akishalala, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mwili uliolazwa kwa dawa hauwezi kukohoa ukajiokoa. Nyanya, kwa hekima yake yote na kwa kusoma sawasawa nilichoandika, angekula wali saa kumi na moja alfajiri na kwenda hospitali asubuhi akiwa na moyo safi kwamba ametii.

Labda muuguzi angemuuliza mara ya mwisho alikula lini, na upasuaji ungeahirishwa. Labda mgonjwa mwingine angeisoma kama saa kumi na mbili jioni na kulala njaa bure. Labda wote wamezoea saa ya simu na wakaelewa. Nimezipanga hizi labda usiku mwingi. Lakini nimekuja kuona kwamba swali langu si kilichotokea. Swali ni nilifanya nini.

Kiswahili kina neno kosa na kina neno uongo, na tofauti yake kila mtoto anaijua. Anayekosea amelenga mahali akapiga kando. Ile mililita 5 ilikuwa kosa. Nilikuwa nataka kuandika 0.5, mkono ukaniponyoka. Ningeulizwa saa ile ile, ningeshtuka na kusahihisha. Lakini saa 12:00 usiku halikuwa kosa. Nililenga na nikapiga pale pale nilipolenga. Ningeulizwa saa ile ile kama sentensi hiyo inamwambia mgonjwa ukweli, ningesema hapana. Niliandika jambo nililojua si kweli ili niitwe mtu asiye na makosa.

Na hicho ndicho kitu ambacho hakuna programu itakayokiona. Programu inatafuta makosa. Inajua mahali mkono unapoponyoka, kwa sababu mkono ukiponyoka huacha alama: namba imekosekana, bano halikufungwa. Uongo hauachi alama ya namna hiyo. Mwongo mzuri anahakikisha namba zote zinalingana. Ukiangalia vizuri, usiku ule programu ilinikuta na sentensi ya kweli ikaiita kosa, ikanikuta na sentensi ya uongo ikaipa sufuri, na mara zote mbili ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Iliulizwa kama namba zinafanana. Haikuulizwa kitu kingine.

Kwenye darasa la Historia, kabla sijaondoka, tulisoma Mkataba wa Wuchale. Menelik wa Pili wa Uhabeshi na Waitalia walitia saini mwezi wa tano mwaka 1889, kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuwatumia Waitalia kuwasiliana na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilimfunga awatumie. Italia ikatangaza kwamba Uhabeshi iko chini yake, Menelik akaukana mkataba, na mwezi wa tatu mwaka 1896 watu walikufa kwa maelfu huko Adwa. Mimi huwaza kuipitisha mikataba ile miwili kwenye programu yangu. Namba 17 ipo pande zote mbili. Tarehe zinalingana, majina yanalingana, hakuna sentensi iliyorukwa. Wapo wanaosema tofauti ile ilikuwa kosa la mtafsiri, na wapo wanaosema ilikuwa hila. Karatasi zenyewe haziwezi kutuamulia, kwa sababu jibu halikuwa kwenye karatasi. Lilikuwa kwenye moyo wa aliyeandika.

Rafiki yangu mmoja, naye mtafsiri, nilipomsimulia aliniambia najitesa bure. Mfumo ndio ulinilazimisha, akasema. Mteja ameweka sharti la kijinga, wakala amelipitisha, mratibu amelisisitiza, wewe uliye mwisho wa foleni ungefanya nini? Ana hoja. ISO 17100 hiyo hiyo inataka tafsiri isomwe na mtu wa pili kabla haijatoka, mtu anayeijua lugha, na katika kazi ile hakuna mtu wa pili niliyewahi kumwona. Nafasi yake ilishikwa na programu kwa sababu programu haiombi kulipwa kwa saa. Kazi ikipangwa hivyo, kila mmoja anashika kipande kidogo cha jambo na hakuna anayelishika zima. Mratibu haoni Kiswahili. Mteja haoni mtafsiri. Programu haioni saa. Mgonjwa haoni yeyote kati yetu.

Lakini katika mlolongo mzima huo kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba sentensi ile si kweli, naye alikuwa mimi. Wengine wote walikuwa na kisingizio cha kutojua. Nadhani ndivyo wajibu unavyokaa. Haugawanywi sawa kwa sawa kama nyama ya harusi. Unamwangukia anayejua, hata kama ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, hata kama ni saa nne usiku. Ni jambo la uonevu, na silipendi, lakini sijapata njia ya kulikwepa.

Na kuna kitu kingine ambacho rafiki yangu hakukijua, kwa sababu sikumwambia. Siku mbili baada ya ile simu ya nyanya, nilikaa na faili ile tena. Nikaandika: usile chochote kuanzia saa sita usiku, yaani 12:00 kwenye simu. Nikabonyeza kagua. Makosa 0.

Ilikuwa rahisi hivyo. Namba ambayo mashine iliitaka ipo, na saa ambayo nyanya anaijua ipo, na mtu mwenye simu na mtu mwenye jua wote wanaacha kula wakati mmoja. Ilinichukua dakika tano. Dakika hizo nilikuwa nazo usiku ule. Nilikuwa na zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo mfumo haukunilazimisha kusema uongo. Ulinilazimisha kufikiria zaidi, na mimi nikachagua njia iliyo karibu. Nilipoliona hilo ndipo nilipoumia kweli, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikamwandikia mratibu. Nikamweleza kwamba sentensi moja kwenye faili ile si sahihi na inaweza kumdhuru mtu, kwamba niliibadilisha nikijua, na nikambandikia sentensi mpya. Niliiandika barua hiyo mara tatu, maana kila nikiisoma niliona nimejificha nyuma ya neno kama "ilibadilishwa". Mwishowe nikaandika "nilibadilisha". Akajibu kesho yake, mstari mmoja: asante, nimepeleka kwa mteja. Kama ilifika, kama mtu aliifungua, kama karatasi zilikuwa zimeshachapwa na kupangwa kwenye meza ya mapokezi, sijui. Wakala yule hakunipa kazi kwa miezi miwili. Labda kazi hazikuwapo. Baadaye alirudi, na tunaendelea.

Bado natumia programu. Naipitisha kila faili na naiheshimu, kwa sababu ya ile nukta ya mtoto. Lakini nimeacha kuiona sufuri kama alama ya mhadhiri. Sufuri inaniambia mikono yangu haijaponyoka. Kama nimesema kweli, hilo halimo kwenye ripoti, na hakuna wa kunipa cheti chake.

Na nimeongeza hatua moja ambayo hailipwi na mtu. Faili ikiwa ya dawa au ya hospitali, kabla sijatuma, natoa jina lolote la mteja lililomo, nampigia nyanya, namsomea zile sentensi zenye saa na vipimo, kisha namuuliza angefanya nini. Hudai nimtumie kredo kwa usumbufu, na namtumia. Wakati mwingine hunisahihisha Kiswahili pia, bila kuombwa. Kila mara, kabla ya kujibu, huniuliza maneno haya yatasomwa na nani. Huwa namwambia sijui, ajifanye ni yeye.